Mchoro wa Giza: Kisa cha Nyumba Iliyochangamka Umeme Ulipokatika

Jumapili ya kwanza ya Majilio, Desemba 2023, niliwagawia watoto wa shule ya Jumapili karatasi na penseli za rangi, nikawaambia wachore siku ambayo nyumbani kwao kulikuwa na furaha. Nilijiandaa kuona keki. Kila mwaka naona keki, na safari hii zilikuwa kumi na tatu, pamoja na safari nne za Moshi zenye migomba na basi, gari moja jipya, na kichanga mmoja mwenye kichwa kikubwa kuliko kitanda alicholazwa.

Binti mmoja wa miaka tisa aliipaka karatasi yake yote nyeusi. Penseli nyeusi aliimaliza, akaazima ya mwenzake. Katikati aliacha duara, na ndani ya duara akachora mshumaa juu ya kisahani, mkeka, na watu sita wamekaa chini. Baba yake nilimtambua kwa kitambi. Alikuwa amefungua kinywa, anacheka, na msanii hakubania meno: safu ya juu peke yake nilihesabu ishirini na mawili. Chini ya mkeka kulikuwa na maneno mawili kwa herufi kubwa: UMEME UMEKATIKA.

Anayeikumbuka miezi ile ataelewa nilivyoshangaa. Mgao wa umeme ulikuwa umetukaba Dar es Salaam nzima. Samaki wanaharibika kwenye majokofu, vinyozi wamekaa vibarazani na mashine zao mikononi, na hapakuwa na mtu mzima aliyeutaja mgao bila kusonya. Nikamwuliza, "Hii ndiyo siku ya furaha?"

"Ndiyo, mwalimu. TV ilizimika, simu ya baba ikaisha chaji, tukakaa."

Nilisubiri amalizie. Kumbe alikuwa amemaliza.

Mama yake alipokuja kumchukua baada ya ibada aliuona mchoro, akacheka, halafu akanyamaza. Jioni ile Baba akanipigia simu. "Shikamoo, mwalimu. Ina maana siku nyingine zote hatuna furaha?" Nikamwitikia marahaba, nikamwambia sijui, labda tuulizane. Ndivyo nilivyoanza kwenda kwao, Alhamisi moja moja, kwa karibu mwaka mzima. Wameniruhusu kuandika ilimradi nisitaje majina, na vitu viwili vitatu nimevibadilisha ili majirani wasiwatambue.

Nyumba ilivyokuwa

Wanaishi Kimara, ndani ndani, kule ambako mvua ikinyesha bodaboda anaomba nyongeza kabla hujapanda. Baba anauza vipuri vya magari mtaa wa Gerezani. Mama ni muuguzi, kazi ya zamu. Watoto ni watatu: wa kiume wa miaka kumi na mitatu, huyu binti, na kitinda mimba wa miaka mitano. Wa sita kwenye mchoro ni dada wa kazi, msichana wa miaka kumi na tisa kutoka Singida. Nitarudi kwake, maana nusu ya kisa hiki ni yake, ingawa ilinichukua miezi kuliona hilo.

Baba na Mama wote wamelelewa kanisani. Bahasha yao ya sadaka hairuki mwezi. Wanapendana, hawagombani mbele ya watoto, hawapigi ovyo. Ungewaona Jumapili wametinga vitenge vya sare ungesema familia ya mfano, na kuna siku mchungaji alisema hivyohivyo madhabahuni.

Sasa siku yao. Saa kumi na nusu alfajiri taa zinawaka. Saa kumi na moja na nusu basi la shule linapiga honi njia panda, linasubiri dakika mbili, la tatu unalifukuza kwa bodaboda. Baba anatoka wakati huohuo awahi basi la mwendokasi Kimara Mwisho kabla kituo hakijafurika. Watoto wanarudi saa kumi na moja jioni, Baba saa mbili usiku, Mama kutegemea zamu. Kati ya saa mbili na saa tatu na nusu kuna kula, kuoga, kukagua madaftari, kunyoosha nguo za shule, na sala.

Alhamisi ya pili nilikaa kwenye kochi na daftari, nikawa naandika kila neno wazazi wanalowaambia watoto tangu Baba alipoingia mpaka wanalala. Walijua naandika. Nilijaza kurasa mbili, na karibu zote zilikuwa amri au ukaguzi. Umenawa? Kaa vizuri. Soksi nyingine iko wapi? Usiongee na chakula mdomoni. Mwalimu amesaini? Hilo shati ni la leo au la jana? Maneno ya kupiga soga tu, yasiyotaka mtoto afanye kitu, yalikuwa mawili, na moja alikuwa anaambiwa paka.

Hakuna neno baya hata moja kwenye kurasa zile. Yote nimewahi kuyasema mwenyewe kwa wanangu wanne, ambao sasa ni watu wazima na hawaachi kunikumbusha. Lakini nilipomsomea Baba alikaa kimya, kisha akasema, "Kumbe mimi ni mtunza stoo." Sijapata maelezo mazuri kuliko hayo. Mtunza stoo hana ugomvi na vipuri. Anahesabu tu kama vimetimia, anafunga mlango, analala.

Kuku chini ya kochi

Sala ya jioni ndiyo iliyoniuma zaidi, kwa sababu mimi ni mtu wa sala.

Ilianza kwa kuulizana mstari wa wiki. Kila mtoto anasimama, anataja kitabu, sura na aya, kisha anasema. Akikosea anarudia. Akikosea tena anabaki amesimama wenzake wakiendelea. Baba aliupokea utaratibu huo kwa baba yake kule Machame, Kilimanjaro, mzee mwinjilisti aliyekuwa mkali kama pilipili kichaa, naye akauleta mjini bila kuupunguza.

Usiku wa kwanza niliokuwapo, zamu ya kusali ilikuwa ya kitinda mimba. Akafumba macho kwa nguvu, akamshukuru Mungu kwa ajili ya kuku wa jirani aliyeingia sebuleni, akapita chini ya kochi, akanya. Binti akaanza kutikisika mabega. Kaka mtu akapiga chafya ya uongo. Baba akasema, "Nyamazeni! Mko mbele za Mungu." Kicheko kikafa palepale. Yule mdogo akamalizia na sala ya kukariri, haraka haraka, kwa sauti ya chini.

Baadaye, watoto wamelala, nikamwuliza Baba kama yule kuku aliingia kweli. Aliingia. Je, palichekwa? Akajaribu kujizuia, akashindwa. "Mwalimu, tulimfukuza na fagio nusu saa. Mama Watoto alipanda juu ya meza!" Basi mtoto alimshukuru Mungu kwa jambo la kweli, la siku ileile, lililowachekesha wote mpaka mama mtu mzima kupanda mezani, na nyumba nzima ikafundishwa kwamba jambo hilo mbele za Mungu halisemwi.

Nikamwomba anitolee Katekisimo Ndogo, ile aliyoikariri kwa ajili ya kipaimara. Martin Luther, mwanzilishi wa Ulutheri, aliitoa 1529, na humo kuna maelekezo ya namna mwenye nyumba atakavyowafundisha watu wake kusali asubuhi na jioni. Ni mafupi ajabu: ishara ya msalaba, Kanuni ya Imani, Baba Yetu, na sala moja ndogo ukipenda. Halafu kuna maneno ya mwisho ambayo watu huyapita. Ya asubuhi yanasema sasa nenda kwenye kazi yako kwa furaha, ukiimba. Ya jioni yanasema sasa lala, upesi na kwa uchangamfu. Baba alikuwa na kitabu hicho tangu ana miaka kumi na minne, na hakuwahi kuyaona maneno hayo. Nami nisijifanye: nilikifundisha miaka kadhaa kabla hayajanigusa.

Kukariri sikupingi. Nilipofiwa na mume, mistari niliyokaririshwa utotoni ndiyo iliyonishika mkono usiku. Ila mtihani ulikuwa umeingizwa ndani ya sala, saa tatu usiku, kwa mtoto aliyeamka saa kumi na nusu. Zaburi ya 127 inawataja waziwazi wanaoamka mapema na kukawia kulala na kula chakula cha taabu, ikasema ni bure, kwa maana Mungu humpa mpenzi wake usingizi. Zaburi hiyo nimeisikia kwenye harusi nisizozihesabu, kwa sababu ya ile sehemu ya wana kuwa urithi wa Bwana. Sehemu ya usingizi, hapa mjini, huwa inarukwa.

Tukakubaliana mistari ihamie Jumamosi. Sala ikabaki wimbo ubeti mmoja, kila mtu kushukuru kitu kimoja cha leo, Baba Yetu, kitandani.

Nilipoharibu

Februari 2024 mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere ukaanza kuzalisha umeme, na kadiri wiki zilivyopita mgao ukapungua. Mji mzima ulishangilia, isipokuwa nyumba moja Kimara ambako binti alimwuliza mama yake kama umeme utakuwa haukatiki tena kabisa, kwa sura ya mtu aliyepewa habari ya msiba.

Hapo ndipo nilipojiona mjanja. Nikasema, zimeni wenyewe! Jumanne, saa mbili na nusu, simu zote kwenye bakuli, mshumaa, mkeka. Mgao wa hiari.

Sikuwapo, lakini nilisimuliwa mara tatu na watu watatu, na habari zao zinalingana. Baba alizima meni swichi. Alipokaa mkekani akaona hii ndiyo nafasi ya kuzungumza na wanawe kuhusu uwajibikaji, akazungumza dakika ishirini. Mkubwa aliuliza mshumaa utaisha lini. Kitinda mimba alisinzia na kijiko mkononi. Mama, aliyekuwa na zamu ya alfajiri kesho yake, alikaa akiwaza mashati matatu ambayo hayajanyooshwa, na pasi ipo, na umeme upo, ila mume wake ameufunga.

Binti ndiye aliyenieleza nilipokosea. "Mwalimu, siku ile hakuna aliyejua umeme utarudi saa ngapi. Hii ya sasa Baba anaangalia saa."

Na Mama akaongeza neno ambalo mimi naliona ndio moyo wa kisa chote. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata uso. "Siku ya mgao nilikuwa sina kosa. Pasi haiwaki, si mimi. Nguo hazijanyooshwa, si mimi. Ndiyo maana nilikaa."

Nimelifikiria neno hilo sana. Sisi tunaolea watoto kwa bidii ya Kikristo tuna daftari la madeni kichwani: hajasoma, hajasali, hajakariri, hajashika adabu, ada haijatimia, ahadi ya ujenzi haijalipwa. Mzazi wa namna hiyo akikaa chini bila kufanya kitu anajiona anaiba. Watoto wanachekesha pale pale mbele yake, kila siku, bure, lakini hajioni kama ana ruhusa ya kucheka mpaka kwanza kila kitu kikamilike, na hakikamiliki. Giza lilimpa ruhusa. Nami nikadhani dawa ni giza, nikawaongezea kazi nyingine kwenye ratiba na kuiita furaha.

Ruhusa hiyo imo kwenye Biblia kitambo. Katika Nehemia sura ya 8, watu wamesimama tangu mapambazuko wakisomewa Torati, na walipoielewa wakalia, kwa sababu waliona walivyopungukiwa. Ungetegemea Ezra na Walawi waseme vizuri, lieni, tubuni. Wakawanyamazisha. Wakawaambia waende wakale kilichonona, wanywe kilicho kitamu, wasihuzunike, kwa kuwa furaha ya Bwana ni nguvu zao. Madeni yao kwa Torati yalikuwa bado palepale, hata moja halijalipwa. Wakaenda kula.

Nilimsomea Mama sura hiyo jikoni. Akaniambia, "Sawa mwalimu. Lakini hicho kilichonona alipika nani?"

Sikuwa na jibu. Nikachukua kisu nikamenya vitunguu.

Ndizi na shuka

Baba hufunga duka Jumamosi saa sita. Zamani akifika alilala, akiamka mpira. Mama alipouliza lile swali lake la mpishi, na akalirudia kwa mumewe kwa maneno makali kidogo kuliko aliyoniambia mimi, Baba akajikuta jikoni Jumamosi moja ana mkungu mdogo wa ndizi mbele yake. Mtu wa Machame, amekula ndizi tangu hajaota meno, na alikuwa hajawahi kumenya hata moja. Hakujua kwamba mikono inapakwa mafuta kwanza. Utomvu ulimganda mpaka Jumatatu, akapimia wateja bolti kwa vidole vyeusi. Jirani aliyechungulia dirishani akamwuliza kama amewekewa limbwata.

Niliwaambia kisa cha Luther, kwamba 1522, kabla hata hajaoa, aliandika juu ya baba anayefua nepi za mwanawe huku watu wakimcheka kwamba amekuwa mwanamke. Akasema wacheke tu. Mungu naye, pamoja na malaika wake wote, anatabasamu, kwa sababu baba yule anafanya kwa imani. Miaka mitatu baadaye alimwoa Katharina von Bora, wakapata watoto sita, kwa hiyo nadhani alipata nafasi ya kuyajaribu maneno yake. Baba alipenda hiyo. Akamjibu jirani kupitia dirishani: "Malaika wanacheka na wewe unacheka. Ingia umenye."

Kufua nako kukahamia nje, wote pamoja, mabeseni matatu. Hapo ndipo mistari ya kukariri ilipopata makao mapya. Shuka likishasuuzwa, wawili wanashika ncha, kila mmoja anasokotea upande wake, na wakati wa kukamua anayedaiwa anasema mstari wake. Akikwama, mwenzake anamkamulia maji miguuni. Nimewaona. Kitinda mimba anakwama makusudi. Lakini Wakolosai 3:20, watoto kuwatii wazazi, binti aliisema bila kuteleza, kisha akamgeukia baba yake, aliyeshika ncha ya pili, akamwambia, "Sasa wewe sema 21." Baba hakuijua. Ni aya inayowaambia akina baba wasiwachukize watoto wao, wasije wakakata tamaa. Maji yalimfika magotini.

Kule Machame, mwinjilisti angesema nini? Nikamwuliza Baba kama baba yake aliwahi kucheka. Ndipo nikajua kile kinywa wazi kwenye mchoro kilikuwa kinasema nini. Usiku ule wa mgao, kwa kukosa la kufanya, Baba aliwasimulia watoto jinsi beberu la jirani lilivyomkimbiza babu yao kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, akiwa na kanzu ya ibada, mpaka akajitosa kwenye mfereji, akatoka na matope, akaenda kuhubiri vilevile. Na jioni, wakiwa wanachoma ndizi kwenye majivu, yule mzee mkali akaanza kucheka peke yake, akacheka mpaka akalia. Baba alikuwa na miaka minane. Alimwona baba yake akicheka namna ile mara moja tu, na katika yote aliyorithi kwake alikuwa amewapa wanawe kile cha kusimama na mstari, hili la beberu akaliweka miaka yote mpaka umeme ulipokatika.

Sahani ya sita

Ilikuwa Aprili nilipogundua kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu tangu Desemba. Mchoro una watu sita. Mezani huwekwa sahani tano.

Dada alikula jikoni, kwenye kigoda, baada ya kuhudumia. Si kwamba alinyimwa. Chakula ni kilekile, na mshahara wake hulipwa kwa tarehe. Mama alinijibu, "Anapenda kula kule, yuko huru zaidi." Inawezekana. Dada mwenyewe nilipomwuliza faragha alisema, "Nimezoea, mwalimu," na hilo ni jibu la swali jingine.

Lakini kwenye mchoro amekaa mkekani, kitinda mimba ameegemeza kichwa kwenye paja lake. Mshumaa ulikuwa mmoja. Hakuna aliyekata shauri kumkaribisha Dada usiku ule, ila jikoni palikuwa giza, basi akaja palipo na mwanga. Na yule Nehemia niliyemsoma kwa madaha jikoni, nilikuwa nimekatiza aya. Baada ya kula kilichonona na kunywa kilicho kitamu, na kabla ya furaha ya Bwana, watu waliambiwa wampelekee sehemu yule asiyewekewa kitu. Agizo hilo limekaa katikati ya karamu. Mimi nililiruka kama wengine wanavyouruka usingizi.

Nilisema, na nikasema vibaya. Mama akanitazama. "Mwalimu, unataka kusema namnyanyasa mtoto wa watu?" Wiki tatu sikualikwa.

Aliponiita tena hatukuzungumza habari ya sahani. Alinieleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia hata mumewe. Mdogo akiota ndoto mbaya usiku anamwita Dada. Akianguka anamkimbilia Dada. Ule mwaka jino lake la kwanza lilipolegea, Dada ndiye aliyejua kwanza. "Mimi nafanya zamu za usiku walipiwe ada. Dada ndiye anayewapata wao. Kila mtu ananiambia niwafurahie watoto. Nawafurahia saa ngapi?" Jikoni, akasema, ndipo mahali pekee alipoweza kumweka yule msichana ili mezani abaki yeye peke yake mama.

Sikuwa na aya. Nadhani kama ningekuwa nayo nisingeitoa. Mafundisho mengi ya furaha ya familia, na mengine nimeyafundisha mimi, humwangukia mama kama zamu ya tatu: ya kwanza kazini, ya pili nyumbani, ya tatu kutabasamu. Tulichofanya ni kuhesabu saa. Zamu zake hazibadiliki, hilo si la kwetu. Tuisheni ya Jumapili alasiri waliifuta. Baba alijitoa kwenye kamati moja kati ya tatu za usharika. Mchungaji hakufurahi, na mimi kama mzee wa kanisa niliulizwa kama ndiyo kazi niliyotumwa. Saa zilizopatikana hazikuwa nyingi. Mama alizitumia kulala, Jumapili mbili za kwanza, na kitinda mimba akalala naye mchana mkono ukiwa kwenye sikio lake. Jumapili ya tatu aliamka kabla yake, akamtazama mpaka alipoamka. Hayo ndiyo aliyonisimulia kuhusu furaha. Hakuongeza.

Sahani ya sita ilikuja mezani Juni, bila mkutano. Mama aliiweka tu. Siku za mwanzo zilikuwa za kuonea huruma: Dada anakula ameinamisha uso, anamaliza kabla ya wote, anasimama kutoa vyombo. Baba hakujua amwambie nini, akamwuliza habari za mvua ya Singida kila jioni kwa wiki mbili. Siku hizi anakaa. Siku nyingine anachukua sahani yake anarudi jikoni na simu yake kwa sababu ana watu wa kuchati nao, na hapo naamini kweli ameamua mwenyewe.

Mkubwa sijamgusa katika maandishi haya. Yuko kwenye umri wake. Anafua, anakula, anajibu kwa mabega. Na ada zilipodaiwa, nyumba ile ilirudi kuwa stoo kwa wiki mbili kamili, ukaguzi na amri, kama vile hakuna lililotokea. Nayaandika kwa sababu mtu anaweza kusoma kisa akadhani kimenyooka.

Alhamisi moja ya Oktoba nilikuwa kwao, chai ndiyo kwanza imemiminwa, umeme ukakatika. Kila mkazi wa Dar anaijua ile kelele ya mtaa mzima umeme ukirudi. Mimi nilisikia kelele umeme ukikatika, mle ndani, watoto wawili na, nina hakika, sauti moja iliyoanza kuvunjika ya mvulana wa miaka kumi na minne. Mkeka ulitandikwa kabla mshumaa haujapatikana. Kitinda mimba akadai beberu. Baba akasimulia, na beberu sasa limeota pembe ya tatu. Mama aliegemea ukuta na kikombe chake. Dada alimsahihisha Baba mahali pawili, anakijua kisa kuliko yeye.

Umeme ulirudi baada ya kama dakika arobaini. Baba alikuwa wa kwanza kuinuka, kulikuwa na mpira. Dada akaanza kukunja mkeka. Mdogo alikataa kutoka juu yake, akakunjwa nao.